Siku moja maishani mwangu: fundi wa stesheni inayoenea mezani

Saa 11 alfajiri nimeshavaa barakoa. Kupuliza rangi hakusubiri jua. Dar es Salaam ikishapata joto, rangi hukaukia hewani kabla haijagusa behewa langu dogo la modeli, na unabaki na uso wenye chembechembe unaokwaruza kidole. Mvua ikikaribia, unyevu unaingia kwenye vanishi na kuacha ukungu mweupe. Feni nayo haiwashwi, itanijazia vumbi. Basi nawasha kompresa mapema, majirani wanivumilie, napuliza kahawia nyekundu kwenye mabehewa mawili ya mizigo, mpako mwembamba juu ya mwembamba.

Chini ya rangi hiyo nimeshaweka kutu. Kwanza behewa lote linapakwa rangi za kutu, likikauka nalilowesha maji na kunyunyiza chumvi ya mawe niliyoiponda na kuichekecha. Rangi ya juu inapita juu ya chumvi. Ikikauka, nasugua kwa brashi yenye maji, chumvi inatoka, na pale ilipokuwa panaonekana rangi iliyobanduka. Mahali pa kuinyunyiza nachagua mimi: chini ya milango, kwenye pembe, kando ya ribiti, sehemu ambazo vyuma hupigwa na mizigo au maji hutuama. Umbo la kila doa naiachia chumvi, kwa sababu mkono wa mtu ukichora kutu, madoa huanza kufanana.

Hii ndiyo kazi yangu. Natengeneza modeli za reli: stesheni, mabohari, madaraja, matangi ya maji, mabehewa. Nikisema hivyo, wengi husikia vitu vya kuchezea watoto, kisha wanalinganisha bei yangu na treni ya plastiki ya Kariakoo. Mimi nafanya skeli ya 1 kwa 87. Behewa la mita 13 linakuwa sentimita 15. Mtu mzima hafiki milimita 20. Upana wa njia ya Reli ya Kati, yaani nafasi kati ya vyuma viwili, ni mita moja, ambayo kwangu ni milimita 11.5, na reli ndogo iliyo karibu zaidi na kipimo hicho ni ya milimita 12, inayotengenezwa Ulaya hasa kwa wapenzi wa treni za milimani za Uswisi, ambazo nazo nyingi hupita kwenye njia ya mita moja. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ina upana wa milimita 1,067, ukigawa kwa 87 unapata 12.26. Kwa hiyo reli hiyohiyo ya milimita 12 inabeba zote mbili, na tofauti iliyobaki haionekani kwa macho. SGR, ile reli mpya ya umeme, ndiyo haiingii. Yenyewe ni milimita 1,435, sawa na 16.5 kwa skeli yangu, na inataka njia yake peke yake. Kumbukeni hili, litanirudia mchana.

Saa 1 chai na chapati, napanga vifaa. Saa 2 hadi saa 4 nakata kuta za nyumba ya ghorofa ya msanifu majengo mmoja, kazi safi, isiyo na doa hata moja, ndiyo inayolipa pango.

Saa 4 nageukia bati, na hapa ndipo siku huanza kunila mgongo.

Bati la migongo la kawaida lina kama milimita 76 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Kwa skeli yangu hiyo ni chini ya milimita moja. Nina kibao nilichokibandika waya za chuma zenye unene huo, zimelazwa bega kwa bega. Nachukua foili ya vile vyombo vya chakula cha kubeba, nailaza juu ya waya, nasugua kwa ncha ya mpini wa brashi hadi migongo yote itokeze. Mtu angeweza kuishia hapo, akabandika foili nzima juu ya paa, na kwa mbali lingeonekana bati. Lakini paa la kweli halijengwi kwa shiti moja. Limepandiana, na macho yetu sote tuliokulia chini ya bati yanaijua ile mistari bila kufundishwa. Kwa hiyo nakata kila bati peke yake, upana wa milimita 8 hivi, nalibandika kuanzia chini kwenda juu kama fundi wa kweli, bati la juu lilalie la chini, kofia ikija mwisho kabisa. Kila moja nalishika kwa kikoleo, naligusisha gundi kwa ncha ya sindano, nalilaza, nahesabu pumzi, naachia. Gundi ikizidi kidogo inajaa kwenye migongo na bati hilo halifai tena. Shingo inauma, macho yanalia kwenye lenzi, na ukipiga chafya bohari zima linaezuliwa.

Halafu rangi. Bati halianzi kuoza katikati. Linaanzia pale misumari ilipotoboa zinki, na pale mabati mawili yanapopandiana maji yakabaki ndani, kisha kutu inateremka na mteremko wa paa. Ukutani mambo ni tofauti: matone ya paa yakipiga ardhi hurusha tope jekundu kama sentimita 30 au 40 kwenda juu, kwa hiyo kwangu huo ni mkanda wa milimita 4 chini ya ukuta, mzito chini na unaofifia juu. Ukiupaka hadi dirishani umesema uongo kuhusu mvua. Mabehewa nayo huchafuka kwa sababu yake: breki za chuma zikisaga magurudumu hutoa vumbi la kahawia linaloshika sehemu za chini, na kokoto za karibu na stesheni huwa nyeusi kuliko za porini kwa sababu ndipo treni hufunga breki na vichwa husimama vikidondosha mafuta. Uchafu wote huo una chanzo. Nisipokijua chanzo siwezi kuupaka, na nikijua, mtu aliyewahi kufanya kazi pale ataamini hata kabla hajajua ameamini nini.

Umeme ukakatika kama saa 6 na nusu. Nikala wali maharage nimekaa kizingitini, ndani hapakaliki.

Mteja wangu alisema atafika saa 8. Alifika saa 9 imeshapita. Ni kaka mstaarabu, ameniagiza stesheni nzima ya Reli ya Kati, moja ya zile ndogo za upande wa Kilosa kuelekea Gulwe, kwa ajili ya baba yake ambaye alikuwa stesheni masta huko. Jengo la abiria, bohari la mizigo, taa ya ishara, mataruma, mwembe. Nimeijenga kutokana na picha tatu alizoniletea. Nikafunua kitambaa.

"Dada, mbona imechakaa?"

Nikamweleza kuhusu bati na tope. Akasikiliza, kisha akasema analipia kitu kipya, hawezi kumpelekea mzee kitu kilichochakaa, watu watasema amenunua cha zamani. Nikamweleza tena, safari hii nikimwonyesha picha yake mwenyewe, kutu iko pale pale nilipoiweka. Akasema picha ni ya zamani. Akazunguka meza. Akauliza kama paa haliwezi kuwa la bati la msauzi, la bluu, lingependeza sebuleni. Nikasema, kaka, wakati wa mzee stesheni ile haikuwa na bati la rangi. Akatoa simu akanionyesha treni za Ulaya zinazong'aa. Kisha akaangalia mabehewa yangu, yale ya chumvi, akauliza kwa nini nisimwekee treni ya umeme ya SGR mbele ya stesheni, si ndiyo reli ya kisasa, tangu 2024 watu wanapanda wanakwenda Dodoma?

Nilichukua kipande cha reli ya milimita 12 na kipande cha 16.5 nikaviweka sambamba mkononi mwake. Nikamwambia treni ile haiwezi kusimama hapa, kama ambavyo ya kweli haiwezi kusimama kwenye njia ya zamani. Inataka tuta lake, nguzo zake na nyaya juu. Stesheni ya baba yako ikiwekewa treni hiyo itakuwa haipo mahali popote duniani. Alivishika vile vipande muda mrefu. Nilikuwa nimechoka, fulana imelowa, na nilihisi sauti yangu inapanda, nikanyamaza.

"Basi tumpigie mwenyewe," akasema. Akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, wewe ndiye fundi? Nilidhani fundi mwanamume."

Sikumuuliza kuhusu kutu. Nilimwomba anisimulie bohari. Alianza palepale, bila kutafuta maneno. Mlango haukuwa wa bawaba kama nilivyoujenga kutokana na picha, ambayo inaonyesha upande mmoja tu. Upande wa njia ulikuwa mlango wa kusukuma, unaning'inia kwenye chuma na magurudumu mawili, na chuma kile kilipakwa grisi hadi ukuta ukawa mweusi. Chini ya mlango kulikuwa na nyuzi za mkonge zilizonasa kila mahali, kwa sababu marobota yalikuwa yanaburutwa. Bati? Bati lilivuja pembe ya kulia, walikuwa wanahamisha magunia kila masika. Kisha akabadilika sauti.

"Lakini jengo la abiria usilichafue, mama. Lile tulilipaka chokaa sisi wenyewe. Mkaguzi akija na kuta chafu, ni aibu yangu. Mawe ya kando ya njia pia, meupe."

Mwanawe akaniangalia, nami nikamwangalia. Tulikubaliana hivi: jengo la abiria nalisafisha, chokaa nyeupe, tope hafifu tu chini, bohari linabaki na kutu yake na linaongezewa mlango, bei inapanda kwa ajili ya mlango. Hapo kwenye bei palituchukua muda mwingine ambao sitausimulia.

Alipoondoka jua lilikuwa limeshuka na umeme haujarudi. Nilifanya kazi kwa taa ya kuchaji. Nikachonga mlango mpya kwa plastiki ya milimita 0.5, nikachora mbao zake kwa ncha ya kisu, nikatengeneza magurudumu yake kwa kukata vipande vya waya mnene na kuvipiga msasa. Grisi nilipaka kwa rangi nyeusi ya kung'aa iliyochanganywa na kahawia, nikaiburuta kwa brashi kavu usawa wa chuma, imezidi pale mkono wa kuli ungeushika mlango. Kwa nyuzi za mkonge nilichana kamba halisi, nikazikata fupi sana na kuzibandika kizingitini moja moja. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomaliza. Muezini wa pili alikuwa ameshanyamaza zamani.

Nimetuma picha ya mlango kwa mzee kupitia simu ya mwanawe, na jibu limekuja: chuma cha mlango kishuke kidogo. Kesho nakishusha.

Kwa wasomaji ambao wazazi wao walikaa kwenye nyumba za reli, nina ombi. Mnazo picha za familia zenye stesheni nyuma yake: harusi, mtoto mchanga, baba na sare. Nionyesheni. Picha yenye njia ya reli inanitosha kupima jengo zima, kwa sababu nafasi kati ya vyuma viwili ni mita moja, naanzia hapo. Ikikosekana njia, mtu aliyesimama wima mlangoni anatosha. Kuta za mbele ninazo nyingi. Ninachokosa ni upande wa nyuma, wenye jiko, tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo.