Sikuomba ardhi, niliomba miti: nilivyopata kadi ya AMCOS nikiwa na miaka 24

Nimechoka kusikia vijana wa huku kwetu Kilimanjaro wakiambiwa wasubiri mzee agawe kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ndipo waingie AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mimi ni mtoto wa katikati. Kwa mila zetu Wachaga, kihamba humwendea mkubwa na kitinda mimba, sisi wa katikati tunajitafutia. Ningekubali kusubiri, ningekuwa nasubiri mpaka leo. Ushirika wa kahawa huku ulianza na wazee wetu mwaka 1925, KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, ikaja 1933, lakini wakati mimi naomba uanachama, kwenye daftari la chama chetu kulikuwa na mtu mmoja tu wa chini ya miaka thelathini.

Masharti yenyewe si magumu. Sheria ya ushirika ya 2013 inataka uwe umefikisha miaka 18. Kiingilio na hisa nilizoanzia havikuzidi bei ya mbuzi mdogo. Kinachotukwamisha ni pale masharti ya chama yanaposema uwe na kahawa yako mwenyewe.

Mtu wa kwanza kunishauri alisema tuanzishe chama chetu cha vijana. Tukakusanyika, tukawa tisa. Sheria inataka watu 20 kwenda juu, na katika tisa hao hakuna aliyekuwa na hata mti mmoja. Mpango ukafia hapo.

Wa pili ndiye aliyeniumiza. Akaniambia, "Wewe nunua matunda ya kahawa kwa majirani, menya, peleka kwenye mizani. Nani atakuuliza umechuma wapi?" Nilikuwa na laki mbili na kitu nilizopata kwenye kazi ya ujenzi. Siku moja ya Agosti nikazunguka na debe nyumba kwa nyumba, hadi saa kumi jioni nimejaza magunia mawili ya matunda mekundu safi, na mashine ya mkono ya kumenyea nimeshaazima. Narudi nyumbani, zamu yetu ya maji ya mfereji imepita tangu saa nane. Bila maji humenyi kahawa. Matunda yakalala kwenye magunia usiku kucha.

Asubuhi nilipoingiza mkono kulikuwa na joto kama ndani ya pipa la pombe, na harufu ndiyo hiyo hiyo. Nikajipa moyo. Nikamenya, nikaloweka, nikaosha mpaka maji yakatoka meupe, nikaanika kichanjani karibu wiki mbili. Kwa macho ilikuwa kahawa nzuri kabisa.

Siku ya kupima, karani alichota kiganja kimoja, akasugua, akanusa. Akamenya ganda la punje moja kwa ukucha, akanionyesha: ndani ilikuwa kahawia, badala ya ile rangi ya kijani ya kahawa njema. "Hii imechacha, kijana. Nikiichanganya na ya wenzako nawashushia wote bei mnadani." Foleni nzima ikanyamaza. Kisha akaniuliza taratibu, "Kwani miti yako iko wapi?" Sikuwa na jibu. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba kununua kahawa bila leseni ni kosa, jambo ambalo mshauri wangu hakulitaja. Ile hela ilipotea karibu yote.

Swali la karani ndilo lililonifungua akili. Aliuliza miti, hakuuliza ardhi! Kule chini karibu na mfereji mzee alikuwa na mibuni kama 120 aliyoiacha, imezidiwa na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kivuli cha migomba. Nikamwendea jioni. "Baba, sitaki kihamba. Nipe ile miti ya mferejini niitunze miaka kumi, kahawa iwe yangu, ardhi ibaki yako." Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Kaka yako umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia, na hilo lilikuwa kosa langu. Kaka alishasikia kwa watu na amekasirika, akidhani namzunguka kwenye urithi. Nikaenda kwake na jani la sale mkononi. Kwetu mtu akija kwako na sale kuomba radhi, ni vigumu sana kumfukuza. Nikamsomea karatasi niliyoiandika, neno kwa neno, mpaka pale pasemapo ardhi inabaki ya mzee. Akaomba niongeze kwamba sitajenga. Nikaongeza mbele yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza, majirani wawili wakafuata, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Kama wewe pia una ndugu, anza na ndugu kabla ya mzee.

Kazi ya shamba sielezi sana, mnaijua: nilipogoa, nikapunguza migomba, nikatia samadi. Penye mapengo nilipanda miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, ile inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Msimu wa kwanza miti mizee ilinipa kilo 40 na kitu za kahawa ya maganda, yaani iliyomenywa na kukaushwa ikiwa bado na ganda la ndani. Ni chache, ila zilipimwa kwa jina langu. Risiti zile nikaziambatanisha na ile karatasi pamoja na barua ya maombi, bodi ikapokea, mkutano mkuu ukanipitisha. Mzee mmoja alisimama kupinga kwamba sina kihamba. Aliyemjibu ni karani yule yule: "Kahawa yake nimeipokea mimi. Ni safi."

Mkutano uliofuata, sasa nikiwa na haki ya kusema, nikaomba karatasi kama yangu itambuliwe kwa kijana yeyote ambaye mzazi ameridhia. Ilipita. Katika sisi tisa, sita sasa tuna kadi, mimi nikiwemo, na wawili kati yetu ni mabinti ambao kwa mila wasingeonja kihamba kabisa. Kila mmoja wa wenzangu nilimsaidia kuandika karatasi yake.

Mwezi wa saba tunaanza kuchuma. Nimeshaenda kwa wazee wa mfereji, wanaopanga zamu za maji, wamekubali siku za kumenya zamu yetu sote sita ifuatane, kuanzia saa tisa alasiri hadi giza liingie.