Jalada la dereva wetu

Watu wakisikia mimi ni afisa utumishi mwandamizi wa chuo cha umma hapa Mwanza, wanadhani nashinda nikiajiri ndugu zangu. Ajira zinapitia Sekretarieti ya Ajira. Sisi tunampokea mtu na barua yake.

Kazi yenyewe ni majalada. Wiki hii ninalo la dereva wetu anayekaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Barua yake ya ajira ina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, na la ukoo lina "l" huku, "r" kule. Mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yanaweza kukwama hapo hapo. Nikamwambia, "Mzee, itabidi ukale kiapo cha majina kwa wakili." Akaguna. "Mwanangu, miaka yote hii mlikuwa mnamlipa nani?" Swali zuri, kwa kweli.

Yuko likizo kwao Sengerema. Jana kaleta hati ya kiapo yenye mhuri, kapita daraja la Kigongo–Busisi, anasifia kutongoja kivuko. Nimeiweka jaladani. Sasa nawafuata wahadhiri ambao hawajajaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na hao hawapokei simu.