Mtoto wa sikoseli na baridi ya Julai

Julai, umande ukiganda kwenye majani huko Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ndipo mtoto mwenye sikoseli huamka usiku akilia na kushika miguu. Baridi ikigusa ngozi, mishipa midogo hujibana na damu hupita polepole. Chembe nyekundu zikishaachia oksijeni hujipinda kama mundu, hunasana, huziba njia. Mfupa ulioko mbele ya kizibo unakosa damu, na maumivu yake si ya kubembelezwa.

Maji ya kumwogeshea yawe ya uvuguvugu. Mfute hadi katikati ya vidole, mvalishe kabla hajatoka bafuni. Baridi ina hila nyingine: kiu haisikiki, damu ikazidi uzito taratibu. Mpe maji ya moto kiasi au uji mwepesi mara kwa mara, hata asipoomba. Rangi ya mkojo isikudanganye. Figo za mgonjwa wa sikoseli hushindwa kubakiza maji, kwa hiyo mkojo unaweza kuwa mweupe huku mwili umekauka.

Ila kwa mtoto mdogo, kinachoua haraka zaidi ni maambukizi yanayoletwa na bakteria, na dalili yake ni homa. Bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto, ndiyo chujio la bakteria kwenye damu. Kwa mtoto wa SS, yaani aliyerithi jeni ya sikoseli kwa baba na kwa mama, huzibwa kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza, na mara nyingi kabla ya miaka 5 imeshaacha kazi. Bakteria wa nimonia wakiingia damuni, saa chache zinatosha kumwangusha. Ndiyo sababu ya penisilini V: miligramu 125 asubuhi na jioni hadi miaka 3, kisha 250 mara mbili hadi angalau miaka 5. Wazazi wengi huiacha kwa kuwa mtoto anacheza vizuri. Anacheza vizuri kwa sababu anaimeza. Chanjo ya nimonia apate pia, lakini haikingi aina zote za bakteria hao.

Kipimajoto kikisoma 38, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, usirudi nyumbani na panado. Omba aangaliwe maambukizi ya damu.

Kuhusu kurithi: wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani wamebeba jeni moja tu ya sikoseli bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa SS. Kila mimba, narudia. Kuzaa mgonjwa mmoja hakuwalindi watatu wanaofuata. Na kile kipimo cha kuchanganya tone la damu na dawa kwenye kichupa hakitofautishi AS na SS, tena kwa mtoto chini ya miezi 6 kinaweza kukosea kabisa, maana damu aliyokuwa nayo tumboni mwa mama bado imejaa. Dai elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu.

Jifunze pia kuipapasa bandama kila siku, mtoto akiwa amelala chali. Ikivimba ghafla na viganja vikapauka, damu imejikusanya humo; anahitaji kuongezewa damu leo, si kesho.