Donati ya Leo, Kahawa ya Wiki Iliyopita

Jumamosi, Kampala

Wanaouliza wapi pa kupata donati nzuri na kahawa nzuri hapa jijini huuliza kana kwamba ni jambo moja. Ni mawili, tena yanavutana. Donati huliwa ikiwa na saa chache tu tangu itoke kwenye mafuta. Kahawa iliyokaangwa leo bado imejaa gesi na inahitaji wiki moja hivi itulie. Ndiyo maana duka linalosifika kwa kimoja mara nyingi hulegea kwa kingine. Naona mtaa wa kutafutia vyote ni ule wenye soko upande mmoja na mikahawa upande wa pili, na kwa hilo ni vigumu kuishinda Kamwokya na jirani yake Kisementi. Unanunua vya kutafuna upande wa Kira Road, unavuka kwa miguu kuelekea Acacia Avenue (vibao rasmi husema John Babiiha), unaagiza kikombe.

Donati ikaguliwe kiunoni kwanza. Unga wa hamira ulioumuka vizuri huelea, nusu ndani ya mafuta na nusu nje, kwa hiyo ukigeuzwa hubaki na mkanda mweupe unaozunguka katikati. Usipouona, huenda unga haukupewa muda, ukazama na kuiva kote kwa pamoja. Donati ya namna hiyo ni nzito mkononi na hujaa tumboni. Kisha ibonyeze kwa kidole. Ikirudi taratibu, nunua. Ikibaki na shimo, iliumuka kupita kiasi au ni ya jana.

Kinachofuata ni mafuta. Yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 175 na 185 za Selsiasi. Yakipoa chini ya 170, ganda huchelewa kufunga na unga hunywa mafuta. Karatasi italowa na kinywa kitabaki na utando. Yakipita 190, nje huiva haraka na ndani, hasa karibu na tundu, hubaki unga unaonata. Mkaangaji wa sigiri hana kipimajoto, ana kipande cha unga: anakidondosha, kikizama kidogo na kuibuka baada ya sekunde chache huku kimezungukwa na povu dogodogo, anaanza. Lakini hata mafuta yaliyo sawa hupoa ghafla karai likijazwa. Kwa hiyo anayeweka nne nne ni wa kumngoja, foleni iwe ndefu vipi. Mafuta ya jana si dhambi. Ya wiki ndiyo tatizo, na utayatambua kabla ya kuonja: yanatoa moshi mapema, povu lake halitulii, na yana harufu inayokaribia ya samaki.

Donati zikitoka, kosa kubwa la Kampala nzima ni kavera, yaani mfuko wa plastiki. Donati ya moto ikifungwa kwenye plastiki, mvuke wake hugeuka maji, sukari ya juu inayeyuka, na ganda linakuwa kama ngozi iliyolowa. Mwambie muuzaji, “Nnyabo (mama), niwekee kwenye karatasi.” Ukifika nazo nyumbani usiziweke friji, maana baridi ile ndiyo inayokausha unga wa ngano upesi zaidi. Zilizopoa hupata nafuu kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili, kifuniko juu.

Mandazi ya hapa si mahamri. Anayetoka Mombasa akitafuta nazi na iliki atanung'unika bure. Mengi huumuliwa kwa bekin pauda, na ikizidi utaonja ladha ya sabuni na kuona unjano usioelezeka. Yakiwa sawa, ndani yana uwazi na kingo zake zinavunjika. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndio wakati wake.

Kwa kahawa, mambo yanageuka. Uganda na Ethiopia ndizo zinazoongoza Afrika kwa zao hili, na robusta, mojawapo ya aina mbili kuu za kahawa pamoja na arabika, ni mmea wa asili wa misitu ya huku, lakini nyumba nyingi bado hunywa chai. Ndiyo sababu mkahawa mzuri haujulikani kwa wingi wa watu. Unajulikana kwa pakiti. Soma tarehe ya kukaangwa, si ya kuisha muda: siku saba hadi thelathini ni sawa, na kama haikuandikwa, uliza. Arabika ya Bugisu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ikiwa imeoshwa, yaani tunda limemenywa na mbegu zikaoshwa kabla ya kukaushwa, ina uchachu safi. Robusta ya nyanda za karibu na Ziwa Nyanza, ile inayokaushwa na ganda lake na kuitwa kiboko, ni nzito na chungu zaidi, na kafeini yake ni karibu mara mbili. Wengi huidharau. Mimi naona mchanganyiko wenye robusta kidogo ndio unaosimama mbele ya donati yenye sukari. Bugisu peke yake, ikikutana na donati ya jamu, huwa uchachu juu ya uchachu.

Mwangalie anayetengeneza. Espresso, kahawa nzito inayokamuliwa kwa shinikizo la mashine, kwa kawaida ni gramu 18 za kahawa iliyosagwa zinazotoa gramu 36 hivi za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Ikichuruzika kwa sekunde 12, imesagwa nene na itakuwa na ladha ya maji chachu. Maziwa yakipita nyuzi 70 hupoteza utamu na kunuka kuchemshwa. Na umeme ukiwa umetoka kurudi, usiagize espresso: mashine nyingi huhitaji karibu nusu saa kupata joto thabiti. Agiza ya kuchuja. Kampala iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo ushauri wa kungoja birika lipoe kabla ya kumimina hautuhusu sana. Gramu 15 kwa mililita 250, mimina kwa dakika tatu, basi.

Baada ya saa kumi jioni achana na donati, maana zilizobaki ni za asubuhi. Nunua kabalagala: ndizi ndogo tamu zilizoiva hadi maganda yana madoa meusi, zimepondwa na kukandwa na unga wa muhogo bila tone la maji, zikakaangwa. Haina hamira ya kuchoka wala sukari ya juu ya kuyeyuka, na hata kesho inalika. Ukikuta ngumu, ndizi hazikuiva au muhogo ulizidi. Iliyo sawa hukunjika bila kupasuka.