Nilivyomsimulia Herbert Chapman kijiweni

Niliwaahidi wenzangu wa kijiwe cha kahawa kwamba Jumapili nitawasimulia Herbert Chapman, kocha aliyeipa Arsenal ubingwa wake wa kwanza, msimu wa 1930–31. Nikajaza kurasa nne. Nilipomsomea mke wangu, akasinzia tukiwa bado Northampton Town, alikoanza ukocha mwaka 1907. Haki yake. Nilikuwa nimepanga miaka na vikombe kama daftari la madeni la dukani.

Nikachana, nikaanzia pabaya. Oktoba 1919 Leeds City, timu aliyoinoa tangu 1912, inafukuzwa ligi. Ilituhumiwa kuwalipa wachezaji kinyemela wakati wa vita, na viongozi wakagoma kutoa vitabu vya hesabu. Wachezaji wakapigwa mnada hotelini kama fanicha. Chapman akafungiwa maisha! Alipokata rufaa, kilichomwokoa ni kwamba wakati wa vita alikuwa Barnbow, akisimamia kiwanda cha makombora. Mwaka 1921 Huddersfield Town wakamchukua.

Hapo ndipo nilipokwama. Mwaka 1924 Huddersfield na Cardiff City walimaliza ligi na pointi 57 kila mmoja. Huddersfield wamefunga 60, wamefungwa 33. Cardiff 61 kwa 34. Ukitoa, wote 27. Sasa bingwa alipatikanaje? Nilihangaika na kikokotoo cha simu hadi saa sita usiku, ndipo nikang'amua kwamba enzi hizo hawakutoa, waligawanya. 60 kwa 33 ni 1.818, 61 kwa 34 ni 1.794. Kombe likaenda kwa Chapman. Kwa hesabu ya leo lingekuwa la Cardiff, maana wamefunga bao moja zaidi. Na siku ya mwisho walikosa penalti Birmingham, wakatoka sare tasa.

Jumapili nikaandika namba hizo mchangani kwa kijiti. Mzee muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe vyake.

"Mwanangu, hebu gawanya tena."

Nikagawanya tena, shikamoo ikiwa bado mdomoni.

"Kwa hiyo hao Cardiff wamedhulumiwa?"

Nikamwambia sheria ilikuwa hiyo tangu mwanzo wa msimu, ila ubingwa huo hawajaupata mpaka leo. Basi kijiwe kikagawanyika: wagawanyaji huku, watoaji kule, hadi adhana ya magharibi. Arsenal yenyewe hatukuifikia.