Njia ya baiskeli huharibikia makutanoni

Katika vitongoji, upana wa barabara mara nyingi unatosha. Tatizo liko kwenye makutano, ambako njia ya baiskeli hukatika ghafla na mwendeshaji kusukumwa katikati ya magari yanayokata kona. Hapo ndipo fedha zianze kutumika.

Dawa ninayoiamini ni kuisogeza njia ya baiskeli, pale inapokatiza barabara ya pembeni, iwe mbali na barabara kuu kwa mita 5 hivi, yaani urefu wa gari moja. Dereva humaliza kukata kona, husimama mbele ya njia bila kuziba barabara, na humwona mwendeshaji ubavuni badala ya kumtafuta kwenye kioo. Kivuko kiinuliwe usawa wa njia ya miguu, na kona ifanywe kali ili gari lilazimike kupunguza mwendo. Kona pana hualika kasi, hata ukiweka alama kumi.

Rangi ya kuchora njia barabarani peke yake haimkingi mtu. Njia ikipita kando ya magari yaliyoegeshwa, iachwe nafasi ya karibu mita 1 kwa milango inayofunguka. Wengi huisahau hii, na ni hatari kweli. Njia ya pande mbili isipungue mita 3.

Mifuniko ya mitaro nayo ikaguliwe: matundu yake yakielekea upande wa mwendo, tairi jembamba huzama. Yageuzwe yakatize njia.

Kikundi cha waendeshaji kikipeleka malalamiko, kiambatishe picha, vipimo vya futi kamba na saa ya msongamano.