Kozi za hiari

Fomu ya kuchagua kozi inatakiwa Ijumaa. Kozi za lazima hazinisumbui, chuo kimeshazipanga. Kinachoninyima usingizi ni za hiari, maana hizo ndizo zitakazoamua nikimaliza shahada hii ya uzamili ya fedha nitamfaa nani.

Wenzangu wengi wa darasa la jioni wanakimbilia opsheni na mikataba ya baadaye, yaani makubaliano ya kununua au kuuza kitu siku za mbele kwa bei iliyopangwa leo. Ni kozi tamu, sikatai, na Nairobi wana soko la mikataba hiyo tangu 2019. Ila mimi niko Dar es Salaam, nafanya kazi kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, na soko letu la hisa tangu lianze biashara mwaka 1998 limekuwa hasa la hisa na hatifungani. Wanachama wetu ni walimu na wauguzi. Wanataka kujua akiba yao ikae wapi.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza nimeipa hatifungani, yaani dhamana unayonunua kwa kumkopesha serikali au kampuni, nawe ukalipwa riba hadi muda wake uishe. Ile ya serikali ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata toleo jipya likaja na asilimia 12.56. Muda si mrefu akaja ofisini mwalimu mmoja mstaafu, taarifa ya uwekezaji wake mkononi. "Mwanangu, nikiuza sasa hivi nitarudishiwa nilichoweka?" Utapata zaidi, Mwalimu. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja: kama mnunuzi ameridhika na asilimia 12.56, basi kila shilingi 100 za toleo lake la zamani zinaweza kufika kama 125, kwa sababu anayenunua anajipatia riba kubwa kwa miaka zaidi ya ishirini. Akafurahi, kisha akauliza swali lililonibana kweli: na riba zikipanda, je? Kwamba bei itashuka nilimwambia. Lakini nataka kuweza kumwambia itashuka kwa kiasi gani, riba ikipanda kwa asilimia moja, mbili au tatu, tena kwa lugha ambayo mtu aliyefundisha darasa la nne maisha yake yote ataielewa na kuiamulia pensheni yake.

Ya pili ni ekonometria, yaani kutumia takwimu kupima mambo ya uchumi. Wengi wanaikwepa, mimi naiweka mapema, muhula wa pili, kabla ya tasnifu. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu, kiwango cha kuelekeza riba ambazo mabenki hukopeshana, kuongoza sera ya fedha, ikaanzia asilimia 5.5, na Aprili ikapandishwa hadi 6. Natamani kupima kama mabadiliko ya namna hiyo yanafika kweli kwa muuguzi anayekopa ada ya mtoto, au yanaishia kwenye mabenki. Bila ekonometria nitabaki na maoni tu.

Muhula unaoangukia Januari hadi Machi nimeupunguzia mzigo. Ofisini ni kufunga hesabu na wakaguzi, na sitaki kusoma nikiwa nimechoka.

Imebaki nafasi moja: usimamizi wa vihatarishi au fedha za Kiislamu, zile zisizotoza riba. Moyo uko kwa ya pili. Tuna wanachama wasiochukua mkopo kabisa kwa sababu ya riba, lakini akiba wanaweka kila mwezi, na wana haki ya kuhudumiwa kama wengine. Kesho namuona mshauri wangu wa masomo nimuulize kama inafundishwa jioni. Ikiwa ni ya mchana, nitaomba ruhusa kazini.